Muulize Mwalimu wa Muziki: "Wavulana wangu sauti zinakwaruza"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Sanaa Bunifu na Michezo katika shule ya sekondari msingi huku Kwale. Muziki ndio niliosomea, na ndio unaobanwa zaidi: kipindi kikiangukia mchana, mwenzangu wa Hisabati anakiomba amalizie silabasi. Ala sina, ila filimbi za plastiki walizonunua wazazi, kila moja na sauti yake. Mkuu wa shule hunikumbuka Tamasha la Muziki la Kenya likikaribia. Sasa ameniagiza niwatoe kwayani wavulana wa gredi ya 8 kwa kuwa sauti zao zinakwaruza. Moyo umeanza kuchoka. Nifanyeje?
Mwalimu kijana, Kwale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wavulana, maana hao hawawezi kungoja.

Usimtoe hata mmoja. Mvulana wa umri huo koo lake linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini. Haishuki kwa siku moja. Kwa miezi kadhaa anabaki na noti chache tu zinazomtii, na kazi yako ni kuzitafuta. Waambie wavume midomo ikiwa imefumbwa, kila mmoja pale panapomstarehesha, nawe upite katikati yao ukisikiliza. Ukishapata noti nne au tano, watungie sehemu yao kwa noti hizo hizo, hata ikiwa ni do na so tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ikimpasuka mtu katikati ya mstari, ashuke chini aendelee, na asiwepo wa kumcheka. Kicheko hicho ndicho kinachoua. Nilianza kazi mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukiwa mchanga, muziki ukitahiniwa darasa la nane, na hadi leo nakutana na wanaume wenye mvi wanaofumba midomo hata wimbo wa taifa ukiimbwa, kwa sababu mwalimu fulani aliwaambia hawana sauti. Linaniuma hilo kuliko kombe lolote tulilokosa.

Filimbi nazo, kabla hujalaumu masikio ya watoto, zigeuze utazame nyuma, karibu na tundu la kidole gumba. Mara nyingi pana herufi ndogo: B kwa filimbi za mtindo wa Baroque, G kwa za mtindo wa Kijerumani. Noti ya F haishikwi kwa vidole vile vile katika mitindo hiyo miwili, kwa hiyo darasa lililochanganya litakwaruza kwenye F hata watoto wakijitahidi vipi. Noti tatu za mwanzo za mkono wa kushoto hushikwa sawa kwa zote. Kaa nazo muhula mzima, nyimbo za kuchezwa kwa noti hizo tatu utapata. Mwakani waandikie wazazi barua mapema, ukitaja mtindo mnaoutaka.

Na usiniambie huna ala ilhali uko Kwale! Hapo ndipo nyumbani kwa sengenya, ngoma ya Wadigo. Mwalike mzee anayepuliza nzumari, umwombee kwa mkuu wa shule nauli na chai. Watoto wamwone anavyovuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, sauti isikatike. Hakuna somo la pumzi utakaloandika ubaoni likafikia hilo. Kayamba watatengeneza wenyewe kwa matete na mbegu.

Kipindi chako usikiazime kimya kimya. Mwenzako akikitaka, muandikiane siku atakayokirudisha. Mkuu wa shule naye mkaribishe darasani siku ya kawaida, si ya mazoezi ya kwaya. Tamasha ni jema, lipo tangu 1927, mimi mwenyewe nililipenda sana. Ila linachukua kwaya moja, na wale waliobaki darasani wana haki ile ile.

Kuhusu moyo: ngoja siku darasa zima litakapoimba sauti mbili kwa mara ya kwanza bila kupotezana. Watanyamaza wenyewe, wakitazamana, kisha mmoja atasema, "Mwalimu, tena." Kwa ajili ya hilo nilibaki kazini hadi kustaafu.

SWALI: Binti yangu anataka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo gredi ya 10, asome muziki. Baba yake anasema huo ni wa walioshindwa. Wewe waonaje?
Mama, Mombasa

JIBU: Mwambie baba ajaribu kuandika wimbo anaousikia kwa mara ya kwanza, noti kwa noti, kisha azungumze nasi kuhusu walioshindwa. Muziki unadai sikio, kusoma nota, historia na ala, vyote pamoja. Kazi zipo: ualimu, studio, makanisa, bendi za polisi na jeshi. Ninachokusihi ni kuuliza kabla binti hajaandika jina la shule: je, wana mwalimu wa muziki, na ni ala gani zilizopo? Shule nyingine hazina. Na kama bado hasomi nota, aanze likizo hii.