Re: Mimi bendi D, jirani bendi C, naweza kupinga?

Dada, kama nyumba zenu zimeshikana ukuta na yeye analipa kodi ya kaunsili (ya halmashauri ya England, inayopangwa kwa bendi, yaani madaraja ya thamani ya nyumba) bendi C we D iliyo juu zaidi, unaweza kupinga, ila usikimbilie kuandika. Ingia kwanza tovuti ya serikali, gov.uk, uweke postikodi, uone bendi za mtaa mzima, halafu tafuta kama tano hivi zinazofanana na yako kweli, ukubwa, umri, aina. Mi nilikaa na daftari jioni nzima nikakuta safu yetu yote ni C, yangu tu D, moyo uliniuma. Bei ya leo haikusaidii, hapo England wakadiriaji wa serikali wanaangalia nyumba ingeuzwa shilingapi tarehe 1 Aprili 1991, kwa hiyo tafuta mauzo ya miaka ile. Kama hujamaliza miezi 6 tangu uanze kulipa una haki ya kupinga rasmi, basi wahi. Ila jamani wanaweza kuipandisha yako, hata ya jirani ikapanda, ndo maana nasema hakikisha kwanza. Kupinga ni bure, wale wanaopiga simu wakitaka asilimia ya utakachorudishiwa usiwape hata peni. Na endelea kulipa huku unasubiri, wakikubali utarudishiwa ulichozidisha.