Jiko la makaa chumbani, Toronto? Hapana

Dada, umeuliza kama kijana wako anaweza kuwasha makaa chumbani umeme ukikatika huko Toronto. Asithubutu, hata akifungua dirisha. Sisi hapa Lamu tunapikia uani na nyumba zinapitisha upepo. Kule kila upenyo umezibwa ili joto lisitoke, basi na sumu ya makaa haitoki. Sumu hiyo, kaboni monoksidi, ni hewa isiyo na rangi wala harufu: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu adhani ni mafua, alale, asiamke. Ahakikishe nyumba ina king'ora cha kuitambua hewa hiyo. Gari nalo likikwama kwenye theluji, asiwashe injini kabla hajazibua bomba la moshi.

Ile jaketi ya mitumba uliyomnunulia, samahani, ni ya kuendea Nairobi mwezi wa saba. Avae nguo kadhaa juu ya nyingine, na ya ndani kabisa isiwe ya pamba, maana ikilowa jasho inamnyonya joto. Sufu ni bora.

Upepo ukifanya baridi ihisike kama nyuzi -28, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya nusu saa. Vidole vikifa ganzi na kupauka, asivisugue wala asivioteshe moto, ataungua bila kusikia. Aingie ndani, avitie kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39. Visiporudi hali yake, aende hospitali usiku huohuo.