Paka mwenye ugonjwa sugu wa figo: nilivyomhudumia Chausiku kwa miaka miwili

Dada, umeeleza kwamba paka wako wa miaka 12 amekutwa na ugonjwa sugu wa figo, kwamba daktari amekuagiza umwekee maji chini ya ngozi nyumbani, na kwamba hujui umlishe nini kwa kuwa chakula maalumu hukioni madukani hapa Dodoma. Kisha mwishoni ukauliza kama huko si kumtesa tu. Yote hayo nimeyapitia na paka wangu Chausiku, aliyegundulika mwaka 2021 akiwa na umri kama wa wako, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Chausiku nilimleta kutoka Tanga ndani ya kapu mwaka 2017 nilipohamishiwa huku kikazi, na miaka michache baadaye alipoanza kunywa maji mengi nilidhani ni joto na ukavu wa Dodoma. Bakuli lililokuwa likimtosha siku mbili likawa linakauka kabla ya adhuhuri, na mchanga wa choo chake ukawa unalowa mpaka chini, nami nikafurahi kwamba angalau mtoto wa pwani amejifunza kunywa maji. Nilikaa na furaha hiyo kwa karibu miezi sita. Kumbe figo zinapochoka hushindwa kuukoleza mkojo, maji yakapita tu, na paka hunywa ili kufidia kile anachopoteza. Kinachouma zaidi ni kwamba kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja, haianzi kupanda kwenye damu mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, kwa hiyo ukisubiri akonde na kutapika, umechelewa kama nilivyochelewa mimi. Kreatinini ya Chausiku ilisoma maikromoli 310 kwa lita, yaani hatua ya tatu kati ya nne za ugonjwa huu. Mwombe daktari wako akuandikie namba za paka wako, si neno "figo" peke yake, maana utahitaji kuzilinganisha na za vipimo vijavyo.

Watu watakuambia ni chumvi ya maji ya visima vya Dodoma. Mimi niliambiwa hivyo na kila aliyeingia nyumbani kwangu, akiwemo fundi wa dishi. Ugonjwa huu huwapata paka wazee kila mahali, hata kwenye miji yenye maji matamu, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani, kwa hiyo usipoteze usingizi ukijilaumu kwa sababu ya bomba.

Sasa tuje kwenye maji ya chini ya ngozi, maana ndiyo yanayokutisha. Daktari alinipangia maji ya dripu ya Ringer lakteti, ambayo wauguzi huyaita RL, mililita 100 kila baada ya siku moja, na mfuko wa mililita 500 unauzwa kwenye maduka ya dawa ya kawaida. Kiasi cha paka wako lazima akipange daktari wake, hasa kama moyo una tatizo, kwa sababu maji yakizidi paka huanza kuhema haraka. Na usikubali kubadilishiwa ukapewa dripu ya sukari kwa hoja kwamba "zote ni dripu". Mara ya kwanza mikono yangu ilitetemeka mpaka sindano ikatokea upande wa pili wa ngozi na maji yote yakamwagika kwenye kanga yangu. Aliyenifundisha hasa si kitabu, bali mzee jirani yetu, mfugaji wa Kigogo aliyekwisha kuwachanja mbuzi wengi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alibisha hodi, akasalimia "Mbukwenyi", akaniangalia ninavyohangaika, kisha akasema, "Mwanangu, unamshika kama unamwomba radhi. Mnyama akiona unaogopa, naye anaogopa."

Akanionyesha. Paka anakaa juu ya mkeka akiwa amekupa mgongo, si uso. Unaishika ngozi iliyolegea kati ya mabega kwa vidole vitatu na kuiinua hadi ifanye kibanda kidogo, kisha unaiingiza sindano kwenye mlango wa kibanda hicho, ukiielekeza sambamba na uti wa mgongo, wala si kwenda chini kwenye msuli. Mfuko uninginie juu, mimi niliutundika kwenye msumari wa kalenda, na kabla ya hapo uuloweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha udondoshee matone machache kwenye kifundo cha mkono wako kama unavyopima maziwa ya mtoto. Maji ya baridi ndiyo yanayomfanya paka aruke. Ukifungua, utaona uvimbe laini ukijaa mabegani, wakati mwingine ukiteremka mpaka kwenye mguu wa mbele. Usishtuke, mwili huyanyonya ndani ya saa kadhaa. Sindano iwe mpya kila mara, kwa sababu iliyokwisha kutumika huwa butu na huuma. Baada ya wiki tatu kazi yote ilikuwa ikinichukua dakika nane, na Chausiku alikuwa akisinzia katikati yake.

Kuhusu chakula, adui mkubwa ni fosforasi, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa mwilini, na hapa ndipo mazoea yetu yanapotuponza, kwa sababu paka wengi wa Tanzania wanalelewa kwa ugali na dagaa wakavu. Dagaa huliwa na mifupa na vichwa, na humo ndimo fosforasi ilimojaa, ukiacha chumvi ambayo baadhi yao hukaushiwa. Nilimwachisha polepole, kwa karibu mwezi mzima, nikichanganya chakula maalumu cha figo nilichokuwa nikiagiza Dar es Salaam na kuletewa kwa basi. Kilipochelewa, nilimpa kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu, pamoja na ngozi yake, nikiongeza ute wa yai lililoiva, ambao una protini nzuri na fosforasi kidogo sana. Chakula hicho cha nyumbani ni cha kuvukia siku chache tu, kwa kuwa kina upungufu wake. Lakini chukua hili kwa uzito: paka anayekula chakula kisicho sahihi ni afadhali kuliko paka asiyekula kabisa, kwa kuwa akifunga siku mbili tatu ini nalo huanza kuharibika. Kuna siku nilimrudishia dagaa watatu, niliowaloweka na kuwatoa vichwa, ili tu afungue kinywa. Akigeuza uso na kulambalamba midomo mbele ya sahani, hiyo ni kichefuchefu, si maringo, na kina dawa yake, mwambie daktari.

Nilinunua Soko la Majengo mizani ya kuning'iniza, nikawa ninampima ndani ya lile kapu la Tanga kila Jumapili na kuandika ukutani. Gramu 100 ni kitu kidogo kwa mtu, lakini kwa paka wa kilo tatu na nusu ni habari.

Pima pia shinikizo la damu, kwani ugonjwa huu hulipandisha na paka anaweza kupofuka ghafla. Mimi nilishtuka jioni moja alipojigonga kwenye kigoda alichokizoea, mboni zake zikiwa zimetanuka ilhali taa inawaka. Na usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Muuzaji mmoja wa dawa aliwahi kunipa diklofenaki, akisema nikate robo. Ningemsikiliza, ningemaliza figo zilizobaki. Panadoli nayo humuua paka.

Je, ni kumtesa? Nilijiuliza hivyo kila mara nilipopasha ule mfuko, mpaka nikaamua kuangalia mambo matatu tu: kama anakula mwenyewe, kama anajilamba manyoya, na kama anakuja mlangoni anaposikia funguo. Kwa miaka miwili na mwezi mmoja mambo hayo yalikuwepo, na siku nyingi baada ya maji aliinuka, akajinyoosha, akaenda kula. Mwezi wa Agosti 2023 alianza kujificha uvunguni akiuona mfuko, manyoya yakashikana, na kwa siku tatu mfululizo mlangoni hakuja mtu. Siku ya nne nilimwomba daktari aje nyumbani kumlaza usingizi wa mwisho, na sindano hiyo ya mwisho niliomba aichome akiwa juu ya mkeka uleule.

Nimebaki na sindano 14 ambazo bado zimefungwa, na tarehe yake haijapita. Ukiridhia, Jumamosi nitakuletea, na tutamshika wote wawili hiyo mara ya kwanza.