Je, inafaa kuchangia yatima ili nitunukiwe Udaktari wa Heshima?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wetu. Mimi ni mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti hapa Dodoma, nina mashine ya kukamulia kule Kizota. Elimu yangu ni darasa la saba. Amenifuata mtu anayejitambulisha kuwa mwakilishi wa chuo kikuu cha Marekani. Anasema nikichangia dola 1,500 kwenye mfuko wao wa yatima, nitatunukiwa Shahada ya Udaktari wa Heshima. Mahafali yatafanyika hotelini hapa mjini, joho na kofia juu yao. Ameniambia pia naweza kuuhesabu mchango huo katika zaka yangu. Nimeshatoa nusu. Mke wangu anasema nimenunua jina. Nia yangu yatima wasaidike, ila siwezi kuficha kwamba cheo nakitaka, maana nafikiria kugombea udiwani na kwenye vikao wenye vyeo ndio wanaosikilizwa. Je, inafaa? Na nikishatunukiwa, inajuzu kuandika Dkt. mbele ya jina langu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Naanza na zaka, kwa sababu hiyo ni haki ya watu wengine iliyo mikononi mwako. Fedha hiyo usiihesabu kuwa zaka, hata shilingi moja. Allah amewataja wanaostahiki zaka katika Suratut Tawba aya ya 60, ni makundi manane, na wewe humo haumo. Zaka hutoka mkononi mwa mtoaji bila kumrudishia manufaa. Ukiitoa halafu ukapokea cheo kwa ajili yake, umeitumia kujinufaisha mwenyewe, na deni la mafukara bado liko shingoni mwako. Kama ulishaipunguza zaka yako kwa kiasi hicho, kitoe upya, uwape mafukara, wakiwemo yatima walio mafukara.

Tuje kwenye mchango wenyewe. Mke wako amesema kweli, na ninamwombea kheri kwa kukuambia. Mafakihi wa Kishafi, ambao ndio madhehebu ya misikiti yetu mingi, wameizungumzia zawadi inayotolewa kwa sharti la kurudishiwa kitu kinachojulikana. Kauli sahihi kwao ni kwamba hayo ni mauziano, hata kama wahusika wameyaita zawadi. Kwako bei imetajwa, ni dola 1,500. Bidhaa imetajwa, ni shahada. Na tarehe ya kukabidhiwa imepangwa. Kuweka neno yatima katikati hakubadilishi kitu. Wanaolisha kwa ajili ya Allah amewaeleza katika Suratul Insan kwamba husema: tunakulisheni kwa ajili ya Allah tu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani.

Umesema nia yako ni mbili kwa pamoja. Nakushukuru kwa ukweli huo, wengi huuficha. Lakini sikiliza alichosema Allah katika hadithi Qudsi aliyoipokea Muslim: Yeye ndiye asiyehitaji mshirika kuliko washirika wote, na anayefanya amali akamshirikisha mwingine ndani yake, Allah humwacha yeye na ushirika wake. Na katika watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama yumo tajiri aliyetoa mali kila mahali. Ataambiwa: ulitoa ili isemwe wewe ni mkarimu, na imeshasemwa. Nikiisoma hadithi hii huwa nawafikiria waislamu wenye uwezo wa mji huu, maana mji unakua, hela ipo, na meza kuu kwenye shughuli zetu zinaongezeka.

Sasa, hiki kilichouzwa ni kitu gani? Shahada ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya watu na kusema: huyu tumemjua, tumempima, anastahiki. Ushahidi hauuzwi. Abu Bakra (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea akiyataja madhambi makubwa, shirki na kuwaasi wazazi, kisha akakaa sawasawa akasema: na kauli ya uongo, na ushahidi wa uongo. Akawa anakariri mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Huyo mwakilishi hakujui. Hajafika kwenye mashine yako wala hajawaona yatima unaowalea, kama wapo. Anachokijua ni kwamba fedha imeingia.

Na kuna hadithi nyingine inayokugusa moja kwa moja, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Asmaa bint Abi Bakr (r.a.). Mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w.): nina mke mwenza, je, nina dhambi nikijionyesha kwake kwamba mume wangu amenipa kitu ambacho hakunipa? Mtume akajibu kwamba anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Tazama udogo wa jambo lenyewe. Hakuna mali iliyoibwa wala mtu aliyepigwa, ni mwanamke anataka kumringia mwenzake nyumbani. Bado Mtume hakulipuuza. Wewe utalivaa hilo joho hadharani, upigwe picha, uzibandike kwenye mabango ya kuombea kura, na mpiga kura wa kata yako ataamini umesoma. Wewe unakamua alizeti. Mteja akileta dumu la lita 20 ukamjazia mafuta uliyochanganya na mawese, ukamwambia ni alizeti tupu, umemghushi hata kama hayatamdhuru. Na Mtume (s.a.w.) amesema anayetughushi si katika sisi.

Huenda mwakilishi atakwambia kwao ni halali kisheria. Inawezekana. Mwaka 1974 mahakama ya shirikisho huko California ilisikiliza shauri la Universal Life Church, kanisa lililokuwa likitoa udaktari wa heshima wa dini kwa mchango wa dola 20. Mahakama ikasema utoaji huo hauvunji sheria, kwa sababu ni cheo cha kidini tu kisicho na hadhi yoyote ya kitaaluma. Zingatia sababu waliyoitoa: kiliruhusiwa kwa kuwa hakina uzito wa elimu. Wewe unakitaka ili kikupe uzito huohuo.

Hapa kwetu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua vyuo na kutathmini shahada za nje. Waulize kuhusu hicho chuo kabla ya kutoa senti nyingine. Na wana Dodoma tuna kumbukumbu yetu: Aprili 28, 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sisemi wewe umeghushi cheti, hukumu yenu si moja. Nasema uliona jinsi watu walivyoaibika mbele ya watoto wao.

Wala sisemi udaktari wa heshima wenyewe ni haramu. Chuo kinachotambulika kikikuona kwa kazi uliyofanya, jina lako likapita kwenye Seneti na Baraza la Chuo bila wewe kuomba, bila ankara, wakakutunuku, pokea na uwashukuru. Abu Dharr (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayefanya kheri watu wakamsifu, akasema hiyo ni bishara ya mapema ya Muumini. Hata kama uliwahi kukijengea chuo hicho bweni, hakuna ubaya, maadamu hapakuwa na makubaliano. Lakini wakikwambia tujengee bweni tutakutunuku, tumerudi kwenye mauziano.

Kuhusu kuandika Dkt.: kwa hii ya kununua, haijuzu. Kwa ile ya haki, usiitumie mahali ambapo watu watadhani ulisomea, kama kwenye fomu ya kugombea au bango la biashara. Allah amewaonya katika Suratu Aal Imran aya ya 188 wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyafanya. Na hili nalisema kwetu viongozi wa dini kwanza, masheikh na wachungaji, maana baadhi yetu tumeanza kuitwa madokta kwa njia hizihizi, na waumini wanatuiga.

Nusu uliyotoa, mwandikie huyo mtu kwamba umejitoa, udai fedha yako. Huna wajibu wa kukamilisha, kwa sababu ahadi ya jambo lisilofaa haitekelezwi. Akikataa kurudisha, leta istighfari na usimfuate na nusu ya pili. Hiyo iliyobaki waulize walimu wa madrasa na wajumbe wa mtaa wako wakuonyeshe yatima wasio na sare wala madaftari, uwape bila kamera. Au ongeza juu yake mshirikiane na wenzako mchimbe kisima Bahi au Chamwino, kwa sababu maji huko unajua yalivyo adimu, na sadaka yenye kuendelea thawabu yake haikatiki mtu anapokufa.

Na kiu yako ya elimu usiidharau. Darasa la saba si aibu, na mlango haujafungwa. Upo Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ukiufaulu unafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria nacho kipo kwa watu wazima wenye kazi zao. Ukitaka kuanza, njoo msikitini baada ya Isha, nitakukutanisha na vijana wetu wanaofundisha masomo ya jioni.

Wallahu a'lam.