Mawe bado yana kutu, sasa samaki wametokea wapi?

SWALI: Kaka shikamoo. Nakuandikia toka Morgantown, West Virginia, huku Marekani nina mwaka wa pili sasa. Wenyeji wanasema Mto Cheat uliwahi kufa kwa maji ya migodi ya makaa, ila leo watu wanavua kama kawaida. Juzi tumeenda mpaka pale Muddy Creek inapoingia mtoni, mawe bado yana rangi ya kutu. Kweli umepona au wanajipa moyo tu? Na hao samaki waliletwa na nani?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hawajipi moyo, umepona kweli, ila kupona kwa mto si kama kuosha sufuria.

Mwaka 1994 maji ya mgodi uliozibwa kinyume cha sheria yalipasua mlima yakamwagika Muddy Creek hadi Cheat, pH, yaani kipimo cha asidi, ikashuka mpaka 4, samaki wakafa umbali wa kilomita kama 26 kwenda chini, na 1995 yakapasua tena. Maji mazuri yako kwenye 7 hivi na kila namba moja ikishuka asidi inazidi mara kumi, we piga hesabu mwenyewe, ni mara elfu! Kisa ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yaliyo kwenye makaa, ikipata hewa na maji inatoa asidi, asidi nayo inayeyusha chuma na alumini. Alumini inaganda kwenye matamvua samaki anakosa pumzi, chuma ndo hiyo kutu yako.

Dawa yake chokaa. Tangu 2018 kuna kiwanda kinavuta maji ya migodi kadhaa kwa mabomba, yanatiwa chokaa, madini yanatuama, maji yanarudi kijitoni. Maji yanabadilika haraka, lakini viumbe wana mwendo wao, kwa sababu ile kutu iliziba nafasi kati ya mawe na humo ndimo vidudu wanaishi.

Siku ukirudi, inua jiwe taratibu uligeuze. Ukiona vifunza tu, bado kuna shida. Ukiona kidudu bapa kina mikia mitatu myembamba na vitamvua vinachezacheza ubavuni, furahi sana dada, huyo havumilii asidi kabisa na ndiye chakula cha samaki.

Samaki sasa. Muddy Creek ya juu, kabla Martin Creek haijaingiza uchafu wake, haikufa, trauti walikuwa wanaishi huko miaka yote wakati huku chini hakuna kitu, kwa hiyo maji yalipotulia njia ikafunguka. Mimi hapo ndo naona siri yote, kijito kikiwa na jirani mzima kinapona, kisipokuwa naye kinasubiri sana. Na hata dawa yenyewe ina kovu lake: kule Hewett Fork, Ohio, mashine ya chokaa ipo tangu 2004, lakini pale chini yake tu viumbe ni wachache maana madini yanatua hapohapo, ukishuka mbele ndo unakuta uhai.

Sasa usidhani mgodi umeacha kutoa asidi. Inatoka usiku na mchana, na kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana. Kikizimwa, wale wa mikia mitatu ndo wa kwanza kuondoka.