Jirani anachoma plastiki, mtoto anakohoa
Pole sana dada, nimekusoma, jirani hapo Nkuhungu anachoma machupa na mifuko kila jioni na mwanao wa miezi 9 anakohoa usiku kucha. Huo moshi sio wa kuzoea kabisa, plastiki ikiungua inatoa sumu kama dioksini na vumbi laini linalozama hadi ndani ya mapafu, na mtoto anapumua haraka kuliko sisi. Ongea nae kwanza kistaarabu, akigoma nenda kwa mwenyekiti wa mtaa halafu bwana afya wa kata. Akiwasha funga madirisha ya upande ule, na kama unapikia mkaa ndani toa jiko nje. Ila kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usisubiri kukuche, mkimbize hospitali.