Mwongoza Watalii wa Lamu na Kiingereza cha Saa, Miaka na Zidaka

Vijana wanaotaka kuwaongoza watalii hapa Lamu huniuliza wanunue kamusi gani. Mimi huwataka kwanza wanitajie kwa Kiingereza saa ya kuondoka kwa mashua, kwa kuwa hapo ndipo nilipoaibika katika mwezi wangu wa kwanza wa kazi. Niliwaambia wageni wawili kwamba tungekwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, saa mbili, nikaitafsiri mbili kama ilivyo. Nikafika gatini asubuhi, nao wakaja saa nane mchana, maji yamekwisha kupwa na mkondo wa mikokoni haupitiki tena. Tangu siku hiyo, kila saa ninayoitaja naigeuza kwa sita, kisha naongeza kama ni asubuhi au mchana.

Miaka nayo ina mtego wake. Ngome yetu ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, lakini sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiitamka 13 ya Kiingereza kwa mkazo huo, mgeni husikia 30. Kwa masikio yake, ngome imemalizika kabla ya kuanza! Kaza silabi ya mwisho, na ukiona amekunja uso, mtajie tarakimu mojamoja.

Kuhusu "yeye", ambaye kwetu hana jinsia, sina la kusema ila uwe macho: nimewahi kumsimulia bi harusi kwa kiwakilishi cha kiume mpaka mwisho wa ziara.

Kazi yenyewe imo katika nyumba za mawe. Jifunze majina ya Kiingereza ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, maana utayahitaji kila siku. Kwa zidaka, usihangaike kutafuta neno moja. Litamke la Kiswahili polepole, uguse ukuta, kisha ueleze kwa sentensi fupi kwamba ni safu za vishubaka vya chokaa ambamo watu walipanga vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Wageni wengi, hasa Waitaliano, nao wamejifunza Kiingereza ukubwani kama sisi, hivyo sentensi ndefu za kujionyesha huwapotea. Mimi hujirekodi kwa simu nikieleza chumba kimoja, nikajisikiliza jioni barazani, na bado hucheka nikifika kwenye 13.